Mistari ya vigae: maswali yenu na majibu ya fundi

Tangu mvua zianze, barua zenu nyingi zinahusu ile mistari iliyo katikati ya vigae, yaani grauti. Nimechagua sita. Zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikipiga magoti sakafuni kwa kazi hii, na kinachoniumiza ni kuona mtu aliyejinyima akapata vigae vizuri, halafu mistari ikaharibika kwa sababu hakuna aliyemweleza.

Shikamoo fundi. Mistari ya bafu langu ilikuwa nyeupe, sasa ni myeusi kama masizi. Nasugua kwa dawa ya choo, inang'aa siku mbili kisha weusi unarudi. Siku hizi nikisugua, unatoka unga. (Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu. Hiyo dawa ya choo iache leo hii. Nyingi zina asidi, na grauti ni saruji; asidi inakula saruji. Ukitaka kuona kwa macho yako, okota kipunje cha grauti kilichobanduka, kidondoshee tone moja la hiyo dawa, kisha inama uangalie. Kitatoa povu. Ule weupe wa siku mbili ulikuwa ngozi ya juu ya grauti inayeyuka. Chini yake panabaki vitundu vingi zaidi, uchafu unazama haraka kuliko mwanzo, nawe unarudi na dawa ileile. Ndiyo maana sasa unatoka unga.

Fanya hivi. Nunua ule unga wa kutolea madoa kwenye nguo za rangi, usio na klorini. Koroga vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji ya moto kiasi cha kuvumilika mkononi, na uvae glavu. Mwaga juu ya mistari, acha nusu saa bila kukauka, kisha sugua kwa mswaki mgumu wa plastiki. Usitumie brashi ya waya. Suuza, futa kwa kitambaa kikavu, rudia kesho yake ikibidi. Mistari iliyokwisha kulika haitarudi kwa kusafisha; hiyo inataka kujazwa upya, kama nitakavyoeleza chini.

Weusi wa kwenye pembe kwa kawaida ni kuvu. Hapo jiki inasaidia: kipimo kimoja kwa maji kumi, dakika kumi, dirisha wazi, kisha suuza sana. Ila nawaomba kama mzazi, jiki isikutane na dawa ya choo, siki wala ndimu. Inatoa hewa ya klorini inayochoma mapafu. Nimewahi kumvuta binti wa kazi nje ya bafu akikohoa hadi machozi yanamtoka. Alikuwa amechanganya jiki na dawa ya choo kwa nia njema, akidhani vitasafisha zaidi. Tangu siku hiyo silipiti jambo hili bila kulisema.

Na kuvu hupenda maji yaliyotuama. Mpira wa kufutia maji ukae bafuni, kila anayeoga avute maji kabla ya kutoka.

Vigae vya barazani vinaota unga mweupe kwenye mistari. Nikifagia, baada ya wiki umerudi. Je, nilipigwa saruji mbovu? (Tanga)

Si lazima. Hiyo ni chumvi. Maji yanapenya chini ya kigae, yanayeyusha chumvi zilizomo kwenye saruji na mchanga, yanapanda nazo kupitia mistari, kisha yanakauka na kuziacha juu. Kwetu pwani tatizo ni kubwa zaidi pale mchanga wa ufukweni au maji ya kisima cha chumvi yalipotumika kuchanganyia. Uswaki unga huo ukiwa mkavu. Ukimwaga maji kwanza, chumvi inayeyuka na kurudi ndani. Kisha tafuta maji yanakoingilia: bomba la mvua linalomwagia ukutani, au baraza lisilo na mteremko. Hayo yasipozibwa utafagia miaka yote.

Maji ya kisima chetu yana kutu, mistari imekuwa ya kahawia. Niliweka jiki, rangi ikakolea. (Kigamboni)

Doa la chuma halitaki jiki, jiki inalikaza. Suuza kwanza jiki yote iishe, siku nzima ipite. Halafu lowesha mistari kwa maji safi ili asidi isizame, paka maji ya ndimu yaliyozimuliwa juu ya doa tu, dakika tano, swaki, suuza. Sakafu ikiwa ya marumaru halisi au terazo, usiguse kwa ndimu kabisa, itapoteza mng'ao.

Fundi, salaam. Jikoni grauti imebomoka hapa na pale. Fundi wa mtaani anataka kupaka saruji nyeupe juu ya ile ya zamani, kazi ya saa moja. Nimkubalie? (Mombasa)

Usimkubalie, ndugu yangu. Tabaka jembamba juu ya grauti kuukuu halina pa kushika. Mwezi haupiti litainuka kama ngozi ya kidonda. Na saruji nyeupe tupu husinyaa inapokauka, ikapasuka. Kuna grauti ya dukani iliyotiwa viungo vya kuifanya ishike. Mstari wenye upana wa milimita tatu au zaidi utafutie yenye mchanga. Mwembamba kuliko hapo, isiyo na mchanga.

Kabla ya kununua chochote, chukua sarafu ugonge vigae kimoja kimoja pale palipobomoka. Kigae kilichoshika hulia kizito; kilichoachia hulia kama debe tupu. Kikilia hivyo, grauti haina kosa, kigae ndicho kinachocheza. Kitoe ukibandike upya, vinginevyo utajaza mistari kila mwaka.

Kazi yenyewe ni ya kukwangua, na hapo ndipo wengi wanapokwepa. Toa grauti ya zamani angalau theluthi mbili ya kina cha kigae: kigae cha milimita tisa, ingia sita. Mimi hutumia kipande cha bleidi ya msumeno wa chuma, upande mmoja nimeuzungushia kitambaa. Grenda ni ya haraka, lakini mkono ukiteleza mara moja umekata kigae. Fagia vumbi lote, kisha lowesha mistari kidogo, isiwe na madimbwi.

Weka maji safi kwenye ndoo kwanza, ndipo uongeze unga kidogo kidogo hadi uwe mzito kama dawa ya meno. Acha dakika kama saba, koroga tena, na usiongeze maji. Grauti nyingi nilizoitwa kuzitengeneza zilikufa hapa: fundi alitaka iteleze, akamimina maji, ikakauka dhaifu na yenye mabaka. Isukume ndani kwa kipande cha kandambili kuukuu, ukivuta kwa mshazari ili isichotwe na makali ya kigae. Ukiigusa isishike kidole, futa kwa sifongo iliyokamuliwa sana, pia kwa mshazari. Usitembee juu yake siku nzima, na siku mbili tatu inyunyizie maji kidogo kama unavyonyunyizia zege.

Pale ukuta unapokutana na sakafu bafuni panapasuka kila mwaka. (Arusha)

Hapo si mahali pa grauti, dada. Ukuta na sakafu havitembei pamoja, na grauti hainyumbuki. Kwangua yote, kausha kabisa, jaza silikoni ya bafuni isiyoota kuvu. Usimwage maji kwa saa 24.

Muuzaji ananiambia nikipaka sila, ile dawa ya kukinga grauti, kwenye mistari, maji hayatavuja kwa jirani wa chini. Ni kweli? (Upanga, ghorofa ya tatu)

Si kweli, na nasikitika mnauziwa hivyo. Sila huzuia madoa yasizame haraka. Kinachozuia maji kushuka ni tabaka la kuzuia maji lililopakwa chini ya vigae wakati wa ujenzi, pamoja na mabomba mazima. Mwite fundi bomba kwanza, jirani yako asiendelee kulowa.

Sila yenyewe ni nzuri, hasa jikoni penye mafuta na manjano. Grauti mpya iache ikomae. Soma pakiti, nyingine ni siku tatu, nyingine zaidi. Mistari iwe safi na mikavu. Paka kwa brashi ndogo, subiri dakika tano mpaka kumi, kisha futa yote iliyobaki juu ya vigae, maana ikikauka pale inaacha ukungu unaonata. Rudia mara ya pili. Baada ya hapo, kila baada ya miezi michache dondosha tone la maji kwenye mstari. Likisimama kama kwenye jani la magimbi, sila ingali inafanya kazi. Likinywewa na mstari ukakolea rangi, paka tena.