Ganda la mkate wa Kifaransa linalolainika

Dada, umeuliza kwa nini mkate wako wa Kifaransa hutoka na ganda laini badala ya kukauka na kuvunjika kwa mlio. Nadhani unakosa mvuke. Weka sufuria tupu ndani ya oveni, chini kabisa, ipate moto pamoja nayo hadi nyuzi 240, na ukishaingiza mikate mimina humo kikombe cha maji ya moto, ufunge mlango haraka (linda mkono, mvuke unaunguza vibaya). Mvuke huchelewesha ganda kukauka, mkate unapata nafasi ya kufura. Baada ya dakika 10 toa sufuria, uache mikate ikauke dakika 12 hadi 15 zaidi.

Maziwa na siagi viache, ndivyo vinavyolainisha. Nusu kilo ya unga wa ngano, maji gramu 340, chumvi gramu 10, hamira kavu kijiko kimoja cha chai, basi. Kabla ya kuoka, chanja juu kwa wembe.

Halafu usiufunike kitambaa ukiwa moto! Uweke juu ya waya upoe, la sivyo jasho lake litalainisha ganda lote.