Kufungua kitasa vipande kwa mazoezi: anza na silinda, si kufuli

Ndugu, nimekuelewa: umefungua vipande kufuli lako la kujifunzia kufungua bila ufunguo, springi zikaruka, na sasa hujui pini ipi ikae wapi. Usikate tamaa. Makufuli mengi ya bei rahisi hayakutengenezwa yafunguliwe na kurudishwa. Tafuta silinda ya kitasa cha mlango, yaani ile sehemu unamoingizwa ufunguo, iliyo na ufunguo wake.

Andaa kijiti cha mviringo chenye unene sawa na kiini, yaani ile sehemu inayozunguka na ufunguo. Toa kipete cha nyuma, ingiza ufunguo, zungusha kidogo tu, kisha sukuma kiini nje kwa kijiti hicho. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kijiti na kiini visiachane hata kidogo. Pakitokea mwanya, pini za juu (zile zinazobaki kwenye silinda juu ya kiini) zinasukumwa na springi na kudondoka ndani. Fanyia kazi juu ya taulo, na pini za chini, zile zinazotoka na kiini, zipange kwa mfuatano wake, maana urefu wa kila moja unalingana na mkato wake kwenye ufunguo.

Ukirudisha, weka pini moja tu kwanza, ya chini pamoja na ya juu yake na springi. Ifungue bila ufunguo mpaka vidole vizoee ile hisia ya pini kukaa mahali pake, ndipo uongeze ya pili. Inafundisha kuliko kuhangaika na zote kwa pamoja.

Usijaribie kitasa unachokitegemea nyumbani. Kikikwama, mwite fundi. Cha mtu mwingine usikiguse bila ruhusa yake, na angalia sheria za kwenu kuhusu kumiliki vifaa vya kufungulia bila ufunguo kabla ya kununua.