Bangkok peke yangu, na watu wa kila siku

Wiki hii mmeuliza: mtu akisafiri peke yake hadi mji wa mbali, hupata watu au hubaki na upweke wake? Mimi hufuata mzigo wa nguo Bangkok, Thailand, na siendi na mtu. Watu hupatikana, tena wazuri, ila usiwe wa kuhamahama. Lala mtaa uleule, kula kwa mtu yuleyule, pita njia ileile. Anayekimbia kutoka hekalu moja hadi jingine atarudi na picha nzuri, lakini hakuna atakayemuuliza jana alikuwa wapi.

Mtaa wangu ni Pratunam, kwenye nguo za jumla. Pale bei ya kipande kimoja siyo bei ya vitatu, na mazungumzo hupita kwenye kalkuleta: muuzaji anabonyeza bei anakugeuzia, nawe unabonyeza yako unamrudishia. Utasema hapa urafiki utaingilia wapi? Nenda asubuhi, wakati ndiyo kwanza wanafungua. Ukiwa mteja wa kwanza, muuzaji akishapokea hela yako huchukua ile noti akaigusisha kwenye mali yake yote, blauzi, mikanda, hadi sanamu lililovishwa gauni, ili siku iwe na riziki. Mara ya kwanza kuliona hilo nilifurahi mno, maana hata Kariakoo mteja wa kufungua biashara haachwi aondoke mikono mitupu. Nikamwonyesha yule mama kwa ishara kwamba nasi tunayo. Alicheka, akanishika bega. Tangu hapo nikichelewa hunionyesha saa ya ukutani, kisha hunivutia kiti cha plastiki.

Usafiri wangu ni boti za mfereji wa Saen Saep. Mfereji huo ulianza kuchimbwa 1837, enzi za mfalme Rama wa Tatu, ili kupitisha askari kuelekea Kambodia wakati wa vita na Vietnam. Leo hupitisha watu wa maofisini, wanafunzi na wauza duka, na hukwepa foleni ambayo teksi haina ujanja nayo. Boti haibembelezi mtu: inagusa gati, unashika kamba, unaruka ndani. Kondakta, kofia ngumu kichwani, hutembea ukingoni kwa nje akikusanya nauli. Maji yale ni machafu, kwa hiyo aliyekaa pembeni ana kazi. Boti nyingine ikipishana nanyi, anavuta kamba turubai lipande kuzuia mawimbi. Mkifika gatini, analishusha watu wapite. Mimi nilikaa pembeni bila kujua. Bibi mmoja mwenye kapu la mboga aliuchukua mkono wangu, akauweka kwenye kamba, tukavuta wote. Hakusema neno, na sikuhitaji aseme. Gati iliyofuata nilishusha mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali.

Kuna dada wanaoogopa jioni, chumba kikiwa kimya. Nendeni bustani ya Lumphini. Saa kumi na mbili wimbo wa taifa unapigwa, wanaokimbia wote wanasimama wima hadi uishe, na jioni hizohizo kuna mazoezi ya viungo kwa muziki, wazee kwa vijana. Unasimama safu ya nyuma, unafuata wenzako. Kenge wakubwa wa bwawani msiwajali, hawana habari na mtu.

Lakini moyo wangu uko Ban Khrua, ukingoni mwa mfereji uleule. Watalii hushuka gati ya Hua Chang kwenda kuitazama nyumba ya Jim Thompson, Mmarekani aliyeitangaza hariri ya Thailand duniani na kupotea huko Malaysia 1967. Hakika ni nyumba nzuri. Ila ng'ambo yake, kwenye vichochoro vya upana wa mtu mmoja na nusu, ndiko walikokaa wafumaji waliomfumia: Waislamu wenye asili ya Kicham, watu wa Kambodia na Vietnam, ambao wazee wao walipewa ardhi hiyo kwa kumpigania Rama wa Kwanza. Nasikitika wengi hawavuki.

Mimi nilivuka Ijumaa moja kutafuta msikiti na chakula cha halali. Mama anayeuza khao mok, wali wa manjano na kuku, ndugu wa biriani yetu, aliutazama mtandio wangu, akanitazama usoni, kisha: Assalamu alaikum. Nikaitikia, na kwa dakika hiyo sikuwa na haja ya kalkuleta wala simu ya kutafsiri. Simu tuliitoa baadaye, nikamwonyesha Tanzania kwenye ramani, naye akaniita nikae upande wa ndani, wanakokaa wa nyumbani.

Safari iliyofuata nilimpelekea karafuu za Pemba. Aliponda moja kwa kucha, akanusa, akaita jirani wawili waje wanuse. Sasa wote watatu wameagiza, na nimeshazifunga.