Mkuu usiweke bakapu kwenye seva inayojizaa yenyewe, mi nililipia makaburi

Simama hapo hapo, usibonyeze kitu. Umesema upo AWS (seva za kukodi za Amazon), unataka jioni watu wakizidi seva zijiongeze, usiku zijipunguze, na kila inayozaliwa ijichukulie bakapu yenyewe ili bili ishuke. Aisee nimesoma nikajiona mimi wa mwaka juzi kabisa. Hio bili haishuki mkuu, inahamia mstari mwingine ambao hauuangalii.

Sisi tulikuwa na mfumo wa tiketi za mabasi, na Desemba mnaijua, watu wote wanaenda Moshi kwa siku moja. Tukamlipa jamaa mmoja anajiita mtaalamu wa klaudi, akaja na laptop yenye stika nyingi kuliko daladala, akaweka tagi (lebo) ya bakapu kwenye tempuleti ya kuzalishia seva, akasema "hapa umemaliza, we lala tu". Nikalala kweli.

Sasa sikia kilichokuwa kinaendelea mi nikiwa nimelala. Kila jioni seva 6 zinazaliwa, saa 5 usiku zinakufa. Zikizaliwa zinarithi ile tagi, Data Lifecycle Manager (huduma ya AWS ya kupiga na kufuta bakapu kwa ratiba) ikiiona tagi inapiga snapshoti ya diski, yani nakala yake, kila baada ya saa 2, na tuliiambia yoyote iliyozidi siku 7 ifutwe. Nikajua basi, siku ya 8 hamna kitu. Kumbe diski yenyewe ikishafutwa, ile kitu inaendelea kufuta snapshoti za zamani ila YA MWISHO HAIIGUSI, inakaa pale mpaka uende uifute kwa mkono wako. Kuna sehemu ya kuiambia ifute mpaka hio ya mwisho, lakini ipo kwenye sera zake za default tu, sio hii ya kufuata tagi, na yule fundi wetu wa stika hakuitaja kabisa, sijui hata kama alikuwa anajua hilo.

Utaniambia snapshoti si inabeba mabadiliko tu. Sawa, ni kweli, kama seva zote zimetoka kwenye AMI moja (ile nakala mama ya kuzalishia seva) utalipia kilichobadilika tu. Ila seva zetu zilikuwa zikiwaka tu kitu cha kwanza zinashusha tiketi za PDF za nyuma zote kutoka S3 (stoo ya mafaili ya AWS), kama GB 30 hivi (usiulize kwanini, kuna dogo aliandika hio kodi na huyo dogo ni mimi). Kwaio kila marehemu anaacha GB 30. Seva 6 kwa siku 30 ni marehemu 180, hio ni GB 5,400, na kwenye kituo cha AWS cha Virginia GB moja ya snapshoti ni dola 0.05 kwa mwezi. Dola 270. Unaona ndogo? Haziondoki, mwezi unaofuata zinakuja nyingine 180 juu yake, mwezi wa tatu ukiisha umefikia kasi ya dola 810 kwa mwezi, na seva kujipunguza usiku zilikuwa zinatuokolea kama dola 90. Tulikuwa tunaokoa sana yani.

Na sikuona kwa sababu nilikuwa naangalia mstari wa EC2-Instances (seva zenyewe) kwenye Cost Explorer, ukurasa wa AWS wa kuchambua gharama, unashuka vizuri, nampigia bosi simu kifua mbele. Snapshoti zinaandikwa kwenye mstari unaitwa EC2-Other. Bosi ndo aliona, akauliza "hii Other ni nini?" Nikamwambia ni mambo ya mtandao. Mungu anisamehe.

Seva inayojiongeza ni kibarua wa siku. Anakuja, anabeba zege, analipwa, anaondoka. Hivi kibarua wa siku we unamfungulia NSSF? Bakapu iwe ya kule data inakokaa, basi. Database tukaitoa tukaipeleka RDS (huduma ya AWS ya database), kule nafasi ya bakapu za otomatiki wanakupa bure mpaka ufikie ukubwa wa database zako, logi zikatumwa nje ya seva, PDF zikabaki S3 zinasomwa huko huko, na seva yenyewe ikabaki AMI moja tu. Ikifa ife, inazaliwa nyingine.

Kama ushaanza, fungua orodha ya snapshoti uangalie namba ya diski ya kila moja, ambayo diski yake haipo tena hio ni kaburi. Usishtuke ukiona kila moja imeandikwa GB 100, huo ni ukubwa wa diski sio unacholipia, mi nilitoka jasho bure nusu saa nzima. Alafu usifute kwa hasira, nilitaka kufuta snapshoti ya diski ya zamani ya database kwa sababu na yenyewe diski haikuwepo, bahati nilisoma maelezo yake kabla. Zinazoshikiliwa na AMI zitagoma kufutika, ziache.

Uliuliza pia ratiba nzuri ni saa ngapi na kama uhamie Cape Town, sijui na nini tena. Wengine watakujibu. We sa hivi nenda kwenye tempuleti utoe hio tagi, alafu urudi hapa utuambie EC2-Other inasoma ngapi.