Fundi Akujibu: Ufa nyuma ya piano

SWALI: Shikamoo fundi. Nyuma ya piano yetu ya kusimama nimeona ufa mwembamba, urefu kama shubiri mbili. Jirani anasema ubao wote ung'olewe, tuweke plaiwudi, eti ni ngumu na haipasuki. Tukubali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msikubali, na huyo jirani mfiche bisibisi.

Ubao huo ndio koo la piano. Waya peke yake hulia kama mbu. Mtikisiko wake hupitia kwenye daraja, kile kipande cha mbao kinachoegemewa na waya, ukaingia ubaoni, na ubao ndio unaosukuma hewa. Kwa hiyo hatutafuti ugumu tu. Tunataka mbao nyepesi ambayo bado ni kaidi kupinda, na hapo sprusi, mti wa jamii ya msonobari wa nchi za baridi, haina mpinzani. Hukua polepole, pete zake za mwaka zikabanana: nikilaza rula juu ya ubao mzuri, nahesabu tano, hata nane, ndani ya sentimita moja. Gogo hupasuliwa pete zikisimama wima, vipande vikaunganishwa kwa gundi ubavu kwa ubavu, kisha vikapigwa randa hadi unene wa milimita 8 hivi.

Utamu uko kwenye mbavu, vile vijiti vinavyokatisha mistari ya ubao. Kabla ya kuzigandisha, ubao hukaushwa chumba cha joto hadi unyevu ubaki kama asilimia 6. Ukitoka humo hunywa unyevu wa hewa, unataka kutanuka, mbavu zinaukatalia. Basi unabinuka kama mgongo wa paka kuelekea kwenye waya, nazo zinaukandamiza. Hewa ikikauka mno, ubao husinyaa, na kwa kuwa umeshikwa pande zote, huachia palipo dhaifu. Ndio ufa wako.

Ufa mtupu hauui sauti. Kaza uzi kutoka ncha hadi ncha ya ubavu mrefu, nyuma: ukiona mwanya katikati, mbinuko bado upo. Kisha chomeka kadi nyembamba kati ya ubavu na ubao karibu na ufa. Ikipenya, gundi imeachia. Mwite fundi augandishe, na ufa auzibe kwa kibanzi cha sprusi.

Ukisikia mvumo kama wa nyuki, usikimbilie kulaumu ufa. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikiusaka, kumbe ni kibanio cha nywele kilichodondokea ndani.