Gego la mwisho na hofu ya kiti cha daktari wa meno

Kama umeambiwa gego lako la mwisho ling'olewe na tangu hapo usingizi umekupaa, nakuelewa. Mimi ni mwoga wa meno tangu utotoni, na gego langu la chini lilikuwa limelala ubavu, likimsukuma jirani yake. Lilitoka hofu ikiwa palepale. Kilichobadilika ni kwamba nilijua kila hatua itanifanya nihisi nini.

Kwanza uliza kama ni lazima litoke. Magego haya huchomoza kati ya miaka 17 na 25 hivi, na wapo wanaozeeka nayo bila shida. Nchini Uingereza, mwongozo wa mwaka 2000 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, ulishauri yasing'olewe yakiwa hayana ugonjwa. Mwombe daktari akuonyeshe kwenye picha ya eksirei jinsi lilivyolala, na mizizi iko umbali gani na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya ya chini.

Lakini fizi ikishaanza kuvimba na kuuma, usikae nalo. Sisi waoga huahirisha mpaka maumivu yatutoe nyumbani usiku, na hapo ndipo tunapoumia zaidi, kwa sababu nyama iliyovimba na kushika usaha huipunguzia nguvu dawa ya ganzi.

Ukifika, sema unaogopa kabla hujaegemea kiti, na utaje unachoogopa hasa: sindano, sauti za mashine, au kupaliwa. Mimi niliogopa kuumia halafu nishindwe kusema. Daktari akaniambia, "Nyanyua mkono wa kushoto, nitaacha hapo hapo." Tukajaribu kabla ya lolote: nikanyanyua, akatoa mikono yake yote miwili mdomoni mwangu. Baadaye niliunyanyua kwa kweli. Akaacha, akaongeza ganzi, akasubiri. Kwangu mimi hilo lilisaidia kuliko maneno yote ya "usiogope" niliyowahi kuambiwa.

Mara baada ya sindano moyo unaweza kwenda mbio na mikono ikatetemeka. Wengi hudhani wanazimia. Mara nyingi ganzi ya meno huchanganywa na adrenalini kidogo, ili mishipa ya damu ibane na dawa ikae muda mrefu. Ikifika kwenye damu, moyo hudunda kwa dakika chache kisha hutulia. Nilikuwa nimeshaambiwa, kwa hiyo nilivuta pumzi taratibu, nikaitoa kwa kirefu, nikangoja ipite. (Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu aseme mapema.)

Halafu kuna jambo ambalo kila mwoga alipaswa kuambiwa: ganzi inaua maumivu, haiui msukumo. Utahisi taya inavutwa na jino linatikiswa. Utasikia mlio wa kuvunjika, tena mkubwa, maana sauti inapita kwenye mfupa hadi sikioni. Mara nyingi ni jino linakatwa vipande makusudi ili litoke kirahisi. Jiulize: huu ni uchungu au ni nguvu tu? Ukiwa uchungu mkali, mkono juu.

Kama haya yote hayakutoshi, omba dawa ya kutuliza. Hakuna aibu. Mwaka 1844 Horace Wells, daktari wa meno wa Marekani, alivuta gesi ya nitrasi oksaidi ndipo akang'olewa gego lake mwenyewe, na gesi hiyo bado inatumika.

Ukirudi nyumbani, meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha. Ng'ata pamba uliyopewa bila kuichungulia kila mara. Linda bonge la damu lililo kwenye tundu, kwani ndilo linalofunika mfupa: saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, na sigara iache kabisa kwa siku kadhaa. Uvimbe huongezeka hadi siku ya 2 au ya 3, usikutie wasiwasi. Ila maumivu yakipungua kisha yarudi kwa kishindo, na mdomo ukanuka, huenda bonge limetoka. Rudi, usiogope: kwa kawaida tundu husafishwa na kuwekwa dawa, basi. Homa, au shida ya kumeza au kupumua, ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.