Picha ya Sahani ya Wifi

Shangazi,

Nimeolewa kwa miaka saba, ninaishi Migosi hapa Kisumu, na nina watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miezi kumi. Tangu kifungua mimba wangu alipoanza kula sijawahi kumpa chakula cha pakiti. Uji wao ni wa wimbi, na unga huo nausimamia mwenyewe mpaka posho mill. Nautia asali badala ya sukari. Mchana huwa nduma au viazi vitamu, jioni ugali kwa omena na mboga za kienyeji, ambazo mama mboga wangu hunichambulia na kunikatia kila alasiri. Ni kazi, lakini siijutii.

Wifi yangu, anayeuza mitumba Kibuye, ana watoto wa miaka mitano na miwili. Mwezi uliopita nilipita kwake Nyalenda saa mbili usiku bila taarifa, nikawakuta wanakula tambi za pakiti kwa soseji, na yule mdogo anashushia juisi ya boksi. Niliumia. Niliipiga picha ile sahani, nikaiweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia na kuandika: "Watoto wa ukoo huu wanalishwa karatasi, na sote tumenyamaza." Wifi alijiondoa kikundini usiku huohuo, na hajapokea simu yangu tangu siku hiyo. Mama mkwe anasema nimemvua bintiye nguo mbele ya watu, na mume wangu anataka niombe msamaha. Mimi naona nilisema kweli kwa ajili ya watoto. Je, mtu huomba msamaha kwa kusema kweli?

Mama Asiyeliona Kosa, Kisumu

Mwanangu,

Msamaha utaomba, na nitakueleza ni wa nini hasa, kwa sababu katika barua yako umeyafunga mambo mawili katika kifurushi kimoja: chakula kile, na picha ile. Juu ya chakula una hoja. Juu ya picha huna hata moja.

Nianze na chakula, nisije nikadhaniwa ninaitetea pakiti. Tambi zile ni unga wa ngano ambao mara nyingi hukaangwa kwa mafuta kiwandani ili ukauke, na kile kipakiti cha viungo kinachoandamana nazo kina chumvi nyingi. Soseji huongeza chumvi nyingine na mafuta. Na vinywaji vingi vya boksi vinavyouzwa kwa picha ya embe ni maji, sukari na ladha, huku embe lenyewe likiwa limepita mbali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23, linasema vinywaji vilivyotiwa sukari visitumiwe katika umri huo, na vivyo hivyo vyakula vilivyojaa sukari au chumvi. Yule mdogo wa wifi yako ameuvuka mpaka huo juzi tu. Tena soseji iliyokatwa vipande vya mviringo inaweza kumkaba mtoto wa umri wake, kwa hiyo ni afadhali ipasuliwe kwa urefu kwanza. Na mtoto akishazoea ladha hizo kali, ukimwekea mrenda atakutazama kana kwamba umemkosea. Yote hayo ni kweli, na sidhani kama mwanamke aliyepeleka watoto wawili kliniki anayasikia leo kwa mara ya kwanza.

Ila wewe uliona sahani moja, saa mbili usiku, na hukuniambia ilikuwa siku gani. Ikiwa ilikuwa Jumapili, basi ulimkuta mfanyabiashara wa Kibuye mwisho wa siku yake ndefu kuliko zote, siku ambayo soko lile hufurika na ambayo muuza mitumba hawezi kuikosa, maana robota alilolifungua asipouza bora yake siku hiyo atabaki na zile nguo ambazo kila mkono huzigeuza na kuziacha. Amesimama tangu asubuhi, amefunga mzigo, ameulipia stoo au ameubeba, amepanda matatu au boda, na anafika nyumbani watoto wanasinzia. Sasa mpe maharagwe makavu ambayo hakupata nafasi ya kuyaloweka. Juu ya jiko la makaa yatataka saa mbili, pengine tatu, na makaa yanayonunuliwa kwa mkebe yatakwisha kabla hayajalainika. Tambi huiva kabla makaa hayajakolea. Pakiti ile inashindwa vibaya katika lishe, lakini katika muda na katika makaa inashinda kila usiku, na mtu anayepika kwa gesi alasiri, mboga zake zikiwa zimeshakatwa, ni rahisi kutoliona shindano hilo.

Ndiyo, nimesema mboga zimeshakatwa. Sentensi yako juu ya mama mboga ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa sababu uliiandika bila kuiona. Kuna mwanamke anayekaa barabarani na kisu, anachambua na kukata mboga zako ili wewe upate saa moja ya kumbeba mtoto. Si vibaya hata kidogo. Mimi mwenyewe sijakata sukuma wiki kwa mkono wangu tangu magoti yaanze kuniuma. Lakini huo ni urahisi ulionunuliwa, sawa na ule wa pakiti, ila wako umepita mikononi mwa mtu unayemjua kwa jina na wake umepita kiwandani. Katika mitaa yetu wapo wanawake wanaochemsha githeri na maharagwe mchana kutwa na kuyauza kwa kikombe jioni, na wapo wanaokaanga omena na samaki kando ya barabara wakati watu wanatoka kazini. Hicho nacho ni chakula cha haraka, na mtoto hukulia juu yake vizuri. Ungekuwa umeingia kwa wifi na neno hilo moja, kwamba kuna mama fulani karibu na kituo cha matatu anauza maharagwe yaliyoiva, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta watoto wa wifi. Uji wako umo, asali yako imo, nduma zako zimo, hata unga umesafiri mpaka posho mill mbele ya macho yangu. Watoto wale wamo kwa umri na kwa sahani tu. Hukusema kama wamekonda, kama wanaugua mara kwa mara, kama uzani wao katika kijitabu cha kliniki unapanda au umelala. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 26 mwaka 2014, na udumavu huo hugunduliwa kwa kupima urefu wa mtoto na kuulinganisha na umri wake. Hautambulikani kwa kuchungulia sahani ya usiku mmoja. Mtu aliyejawa na hofu ya watoto huuliza habari za mizani. Wewe uliuliza simu iko wapi.

Wala hayumo baba yao, nami nimeliona hilo pia. Kumi na tano mko katika kikundi hicho, au ishirini, sijui, na kati yenu wamo wanaume. Lakini sahani ilipoonekana, aliyehukumiwa ni mwanamke mmoja. Watoto wale humwita mumeo mjomba. Mjomba angeweza kupitisha pakiti mbili za maziwa akitoka kazini, na hilo lisingehitaji picha.

Nikueleze jambo langu. Nikiwa kijana nilifundisha Kakamega, nikipanga chumba kimoja katika ploti ya vyumba kumi vilivyozunguka bomba la maji. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka mitatu, na kwa siku nne katika wiki chakula chake cha jioni kilikuwa mkate uliopakwa siagi kwa chai ya rangi yenye sukari nyingi, kwa sababu nilirudi na madaftari ya kusahihisha na nguvu zangu zilikuwa zimeishia ubaoni. Jirani mmoja alisimama mlangoni pangu jioni moja, akakitazama kikombe cha mtoto, kisha akasema kwa sauti ya kufika bombani, "Huyu mtoto ataota ganda la mkate." Wanawake walicheka, nami nilicheka pamoja nao. Kuanzia siku iliyofuata nilifunga mlango kila nilipomlisha mtoto, hata wakati wa joto, na nikamfundisha asiseme amekula nini. Jirani yule kila Jumamosi alikuwa akichemsha sufuria kubwa ya maharagwe, na naamini angenipa mkebe mzima kama ningemwomba. Nilikaa hatua kumi kutoka kwenye sufuria hiyo kwa miaka miwili na sikuomba. Mkate uliendelea, tena uliongezeka, kwa kuwa sasa ulikuwa siri.

Wifi yako naye amefunga mlango. Kutoka kikundini ni mlango, na simu isiyopokewa ni mlango.

Sasa, kwa kuwa unapenda kuambiwa kweli, kuna jambo la nyumbani kwako ambalo haliwezi kusubiri barua nyingine. Mtoto wako wa miezi kumi asipewe asali, hata tone ndani ya uji. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hauwezi kuzizuia, na zikiota humo hutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kumezea na kupumulia. Ni ugonjwa wa nadra, lakini ni wa hatari, na moto wa uji hauziui mbegu hizo. Iache leo mpaka apitishe mwaka wake wa kwanza. Hata kwa yule wa miaka minne usiimimine kama maji, kwani katika hesabu za lishe asali huwekwa fungu moja na sukari. Uliitia kwa upendo, ukijua ni bora, na nina hakika ukimaliza sentensi hii utakwenda kuitoa kabatini. Fikiri basi kama wifi yako angelijua jambo hili kabla yako, akapita kwako asubuhi moja bila taarifa, akapiga picha kikombe cha mwanao na kuwaandikia mama mkwe na mashemeji kwamba katika ukoo huu kuna mtoto anayetiliwa sumu. Maneno hayo yangekuwa na ukweli kuliko ya karatasi.

Kwa hiyo andika kwanza kikundini, palepale ulipokosea, kwa maneno machache: kwamba picha ile haikuwa yako kuiweka, na kwamba unamwomba kila aliyeihifadhi aifute. Usieleze nia yako ilikuwa nini. Kisha nenda kwake kwa miguu yako. Usiende Jumapili, usiende usiku, na safari hii toa taarifa, hata kama ni kupitia mama mkwe. Usibebe chakula, kwa sababu kikapu cha mboga siku hiyo kitasomeka kama picha ya pili. Mwambie umemwaibisha ndani ya nyumba yake mwenyewe, na usiitie neno "lakini" baada ya hapo, wala usimwombe msamaha "kama" umemkosea; unajua kwamba umemkosea.

Habari za chakula zingoje mpaka aziulize yeye. Yako mambo ambayo shangazi, mjomba au mke wa mjomba husema bila kuulizwa, nayo ni yale ya hatari iliyo karibu: mtoto anayekabwa, mtoto anayekonda ghafla au kuvimba miguu, na hiyo asali tuliyoizungumza. Hayo husemwa siku hiyohiyo, kando, mtu na mwenzake. Mengine yana muda. Akiuliza, mpe kitu anachoweza kukifanya saa mbili usiku: atumie nusu ya kile kipakiti cha viungo au asikitumie kabisa, avunje yai ndani ya tambi zinapochemka, arushe gao la sukuma iliyokatwa au omena iliyosafishwa, na kwenye kikombe cha mdogo aweke maji au maziwa. Mtoto akiitema mboga, asikate tamaa, kwani huenda akahitaji kuionja zaidi ya mara kumi kabla ya kuikubali.

Na hizo Jumapili za Kibuye, mkishapatana, waombe watoto waje Migosi kucheza na wako. Omba kwa sababu wako wanahitaji binamu zao. Watakula kilichopo kama watoto wa nyumba, bila hotuba, na jioni usimtumie mama yao orodha ya walichokula.

Siku utakayokwenda kwake, akikukaribisha chakula, hata kama ni tambi zilezile, nawa mikono ule.

Shangazi